Msaada wa Nje Huanzia Kwenye Daftari la Kijiji: Mwongozo kwa Kamati za Maafa za Mtwara na Lindi

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019 tulishinda ufukweni tukivuta mashua na ngalawa hadi nyuma kabisa ya minazi. Kimbunga Kenneth kilikuwa njiani. Shule zilikuwa zimefungwa, misikiti ilikuwa ikitangaza kwa vipaza sauti, na kina mama walikuwa wakikunja magodoro wakayafunge kwa kanga. Jioni ile Kenneth kikaingia nchi kavu upande wa Msumbiji, Cabo Delgado, kaskazini mwa mji wa Pemba. Sisi tukaamka na nyumba zetu, wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma wakaamka bila mapaa.

Miaka mitano baadaye, Mei 2024, zamu ikawa yetu. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mvua yake ikamwagika Lindi na Mtwara, na barabara kuu ya kusini ikakatika Kilwa, Somanga pakiwamo. Aliyetoka Dar es Salaam hakufika, na shehena nayo haikufika.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa ya kata, pwani ya Mtwara. Nimekaa vikao vingi vya kuzungumzia "ushirikiano wa kimataifa", na mara nyingi watu huudhani ni jambo la Dodoma na Geneva tu. Miaka hii imenifundisha kwamba mashirika ya nje, satelaiti na fedha za dharura vyote husubiri kitu kimoja kutoka kwetu, nacho ni taarifa sahihi, iliyoandikwa mapema, yenye idadi. Mwaka mmoja tulipokea lori la mablanketi mazito wakati watu walikuwa wanahangaikia maji ya kunywa. Niliumia sana. Lakini nilipoitazama tena barua tuliyokuwa tumepeleka, nikakuta tumeandika "tunaomba misaada ya haraka" na hakuna kingine. Mwongozo huu nimeuandika ili barua kama ile isitoke tena kijijini kwako.

Hatua ya kwanza: ujue mlango wa kubisha

Msaada wa nchi za nje hauingii kwa kupiga simu ubalozini. Azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1991, linataka msaada uje kwa ridhaa ya nchi iliyoathirika, na kimsingi kwa ombi lake. Kwetu mratibu ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa na mkoa hadi wilaya, kata, na kijiji au mtaa. Taarifa yako basi inapanda ngazi hizo. Mtendaji wa kijiji anampa mtendaji wa kata, kata inapeleka wilayani, wilaya mkoani, na mkoa Dodoma. Ukiruka ngazi utapoteza siku.

Mlango wa pili ni Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, ambacho hushirikiana na serikali. Shirikisho lake la kimataifa lina mfuko wa dharura uitwao DREF, ulioanzishwa mwaka 1985. Chama cha nchi ndicho kinachoomba, na siku hizi sehemu ya fedha inaweza kutolewa hata kabla ya maafa kutokea, endapo utabiri ni wa kuaminika na mpango ulishaandikwa. Kwa hiyo mfahamu mtu wa Msalaba Mwekundu wa wilaya yako mapema, mkiwa bado mnakunywa chai kwa utulivu.

Upo pia mfuko wa Umoja wa Mataifa uitwao CERF, unaofanya kazi tangu 2006. Huo unatoa fedha kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa pekee, kama WFP (la chakula), UNICEF (la watoto), IOM (la wahamaji) na WHO (la afya). Kijiji hakiwezi kuuomba, wala halmashauri. Kinachowezekana ni takwimu za kijiji chako kuingia kwenye ombi la mashirika hayo.

Hatua ya pili: andika daftari kabla ya msimu

Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Hidaya kilikuja Mei, kwa hiyo kalenda isikulaze. Daftari likamilike Oktoba, wakati watu wako mashambani kwenye korosho na ni rahisi kuwapata kitongoji kwa kitongoji.

Kwa kila kitongoji andika idadi ya kaya na ya watu, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wanaoishi peke yao, na watu wenye ulemavu pamoja na aina ya msaada wanaohitaji ili watembee. Andika visima, na kipi huingiwa na maji ya chumvi. Andika mashua zenye injini na wenyewe, nani ana msumeno wa mnyororo, nani ana jenereta. Chukua alama za GPS, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, za shule, zahanati, msikiti, kanisa na kisima, kwani simu ya kawaida inazitoa. Kwa kila kiongozi andika namba mbili za mitandao tofauti, maana mnara mmoja ukianguka mwingine huweza kubaki.

Halafu fanya hesabu ambayo mashirika ya nje huifanya. Wao hutumia viwango viitwavyo Sphere. Mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku na mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa. Choo kimoja kitumike na watu 50 mwanzoni, kisha kipunguzwe hadi watu 20 haraka iwezekanavyo. Bomba moja lisizidi watu 250, na lisiwe mbali zaidi ya mita 500.

Chukua darasa la mita 7 kwa 9. Lina mita za mraba 63. Gawa kwa 3.5, unapata watu 18. Nakumbuka kimya kilichoingia kwenye kikao chetu hesabu hiyo ilipoandikwa ubaoni. Sote tulikuwa tumezoea kusema "darasa moja watu mia". Shule ya madarasa saba inabeba watu 126 kwa heshima. Sasa chukulia watu 400 wamehamia hapo. Maji yao kwa siku ni lita 6,000, yaani ndoo 300 za lita 20. Kama kisima cha shule hakitoi ndoo 300, hilo ndilo ombi lako la kwanza, na tayari lina idadi.

Hatua ya tatu: usome onyo kama mtu wa pwani

Hapa ndipo ushirikiano wa kimataifa unapotugusa moja kwa moja, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Nitakaa kidogo.

Vimbunga vya ukanda wetu hufuatiliwa na kituo cha La Réunion, kisiwa cha Ufaransa kilicho mashariki mwa Madagaska, kwa niaba ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Majina ya vimbunga hutolewa na Mauritius na Madagaska kutoka kwenye orodha waliyokubaliana nchi za ukanda. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hupokea taarifa hizo, huziunganisha na vipimo vyake, ikiwamo rada iliyopo Mtwara, kisha hutoa onyo kwa Watanzania. Onyo la kufuata ni la TMA. Picha za rangi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zitazame kwa tahadhari, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni saa. Taarifa za kimataifa huandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Ukiona 0600 UTC, ongeza 3 upate 9:00 asubuhi yetu, yaani saa tatu asubuhi. 1200 UTC ni saa tisa alasiri. 1800 UTC ni saa tatu usiku. 0000 UTC ni saa tisa usiku. Msumbiji wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Nimeona watu wakisoma "1800" wakadhani ni saa kumi na mbili jioni, wakatangaza hivyo msikitini. Wamekosea kwa saa tatu nzima, na saa tatu zinatosha kuhamisha wazee wote wa kitongoji.

Sababu ya pili ni kasi ya upepo. Huandikwa kwa noti, kipimo cha mabaharia. Zidisha kwa 1.85 upate kilomita kwa saa. Ukanda wetu huita dhoruba kwa jina inapofikia noti 34, yaani kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili kuanzia noti 64, kama kilomita 118. Lakini La Réunion hupima wastani wa dakika kumi, na Wamarekani hupima wa dakika moja. Kwa dhoruba ile ile, namba ya Wamarekani huwa kubwa zaidi. Wawili wakibishana kijijini, huenda wote wamesoma sawasawa.

Sababu ya tatu ni upande. Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kwa pwani yetu inayotazama mashariki maana yake ni kwamba aliye kusini mwa kitovu hupigwa na upepo kutoka baharini, unaosukuma maji kuja juu ya nyumba. Aliye kaskazini mwa kitovu hupata upepo kutoka bara kwenda baharini. Kenneth kilipoingia Cabo Delgado, Mtwara tulikuwa kaskazini mwake, na hilo lilisaidia kutuokoa. Hidaya kilipofika Mafia, Kilwa na Lindi zilikuwa kusini. Ukisikia kimbunga kinaelekea Mafia usishushe pumzi kwa kuwa "kimeenda kaskazini". Kwa mtu wa Kilwa hiyo si habari njema.

Rangi za onyo za TMA ni hizi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kamati iamue leo nini kitafanyika kwa kila rangi. Sisi tumekubaliana kwamba njano mashua haziendi mbali, chungwa wazee na wajawazito wanahamia shule, nyekundu hakuna anayebaki ufukweni. Wale wanaosema kimbunga hakifiki kwetu wakumbushwe kwamba Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi.

Tsunami ni habari nyingine. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia Sumatra, Indonesia, yalifika hadi Tanzania na kuua watu. Baada ya hapo, mwaka 2005, nchi za Bahari ya Hindi zikaunda mfumo wa pamoja wa onyo. Australia, India na Indonesia hutoa taarifa, na TMA huzipokea kwa ajili yetu. Ukiona bahari imekupwa ghafla kupita kawaida na samaki wamebaki juu ya mchanga, usisubiri ujumbe. Panda juu, na usiruhusu mtoto hata mmoja ashuke kuokota.

Hatua ya nne: taarifa ya saa 24 za kwanza

Taarifa ya kwanza iwe fupi, ya kweli na yenye saa. Iandike hivi:

"Kijiji fulani, kitongoji fulani. Tarehe 5, saa mbili asubuhi. Nimeona mwenyewe: nyumba 41 zimeezuliwa, kaya 38 zimehamia shule ya msingi, watu 203, kati yao watoto chini ya miaka mitano 36. Nimesikia, sijathibitisha: mashua moja haijarudi. Kisima cha shule kimeingiwa na maji ya mafuriko. Daraja la kwenda kata limekatika, pikipiki haipiti, mtumbwi unapita. Tunacho: mchele gunia 3, maturubai 6. Tumepungukiwa: dawa ya kutibu maji kwa siku 7, maturubai 30. Taarifa inayofuata saa kumi na mbili jioni."

Tazama sentensi ya "nimeona" na ya "nimesikia". Ukizichanganya, mtu wa wilayani atashindwa kukuamini, na juu yake wengine wote. Tazama pia "tunacho". Kuandika ulichonacho si kujinyima msaada. Ndiko kunakomfanya mpokeaji aamini unachokosa. Na ile ahadi ya "inayofuata" uitimize hata kama hakuna jipya.

Upo mkataba wa kimataifa wa mashirika ya anga, unaofanya kazi tangu mwaka 2000, unaotoa picha za satelaiti bure wakati wa maafa makubwa, nchi ikiomba kupitia njia rasmi. Satelaiti za rada huona hata kupitia mawingu. Picha huonyesha maji yalipotanda, lakini haionyeshi kama watu wamehamia msikitini au wamepanda juu ya miembe, kama ilivyowakuta watu wa bonde la Matandu kule Kilwa kwenye mafuriko ya Januari 2020. Zile alama za GPS za daftari lako ndizo humwezesha mtu aliye mbali kuisoma picha hiyo na kusema, hapa pana shule, hapa pana watu.

Picha za simu nazo zina kazi. Piga nne zinatosha, moja kila upande, na mtu asimame ndani ya picha ili kina cha maji kipimike kwa goti au kiuno chake. Usipige maiti. Usipige uso wa mtoto anayelia.

Hatua ya tano: wageni wanapofika

Wageni huja na nia njema, lakini nao wana sheria za kufuata, na kamati isiyozijua huwaacha wakwame bandarini au uwanja wa ndege wa Mtwara. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Simu za satelaiti zinapita Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Daktari mgeni anahitaji usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kumshika mgonjwa. Dawa zinapita Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mwongozo wa WHO unataka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa bidhaa za kusaidia eneo lenye maafa, lakini msamaha huo hauji wenyewe. Karatasi lazima ziwahi kabla ya kontena. Haya yote ni ya mkoa na wilaya kushughulikia. Kazi yako ni kumuuliza mgeni mapema: "Kibali kimefikia wapi?"

Kuna vitu vya kukataa kwa adabu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yasigawiwe kwa watu wote. Yakichanganywa na maji machafu huua, na huwavunja moyo kina mama wanaonyonyesha. Yatolewe kwa mtoto anayeyahitaji tu, chini ya usimamizi wa mhudumu wa afya. Nguo za mitumba zisizopangwa huziba ghala na kula muda wa vijana wako. Na kama soko la Mtwara au la Lindi liko wazi na lina bidhaa, pendekeza familia zipewe fedha badala ya vitu. Mama anajua kama leo anahitaji misumari au unga, na fedha hiyo inabaki kwa muuza duka wa hapa hapa.

Mgeni apewe mwenyeji mmoja, asiachwe na watu kumi. Mwenyeji huyo awe na daftari mkononi. Wakija mashirika matatu, wakae meza moja siku hiyo hiyo, wagawane vitongoji. Nimeshuhudia kitongoji kilicho kando ya lami kikipata vyandarua mara mbili na kile cha nyuma ya mikoko kikikosa kabisa. Gari halikufika kule, basi hakuna aliyekumbuka. Peleka wageni kwanza pale gari lisipofika.

Hatua ya sita: Ruvuma ni mto, watu ni ndugu

Kwa mikoa yetu, nchi jirani ndiyo ushirikiano wa kwanza. Wamakonde na Wamakua wako kingo zote mbili. Mtu wa Newala, Tandahimba au Nanyumbu ana shangazi ng'ambo. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, na kivuko cha Kilambo ndizo njia rasmi, lakini siku ya hatari watu huvuka popote palipo na mtumbwi.

Msumbiji ina taasisi yake ya maafa, INGD, na kamati za vijiji zenye uzoefu mkubwa kuliko wetu, kwa sababu wamepigwa na vimbunga Idai na Kenneth ndani ya wiki sita za mwaka 2019. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nayo imeweka kituo chake cha misaada na dharura Nacala, kwenye pwani hiyo hiyo, kusini mwa Pemba, mwaka 2021. Mawasiliano rasmi ni ya serikali na serikali. Ambacho kijiji kinaweza kufanya ni kuorodhesha wanaojua Kireno na Kimakonde cha ng'ambo, ili mkalimani asitafutwe usiku.

Watu wakivuka, kama ilivyotokea baada ya shambulio la mji wa Palma, Cabo Delgado, Machi 2021, toa taarifa kwa uhamiaji na kwa mtendaji saa hiyo hiyo, na wape maji kabla ya maswali. Mtoto aliyepotezana na wazazi aandikwe jina analojiita yeye, kijiji alichotoka, na nguo alizovaa. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu inayovuka mipaka. Akiwapo mtu mwenye kuhara kwa maji mengi kama ya mchele, mpigie mganga wa zahanati au namba 199. Kipindupindu kinavuka mto bila pasi, na Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinazitaka nchi zipeane habari mapema.

Hatua ya saba: hesabu na malalamiko

Kila kinachopokelewa kiandikwe siku hiyo hiyo, kwa idadi, na kisainiwe na watu watatu, mmoja wao mwanamke asiye kiongozi. Bandika orodha ya vitu ukutani mwa ofisi. Orodha ya majina usiibandike wala kuirusha kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda watu hao, na mjane anayeishi peke yake hapaswi kutangazwa kwamba amepokea fedha.

Waambie watu kwa kipaza sauti, na urudie kila siku ya mgao: msaada ni bure. Hakuna wa kulipa shilingi, wala wa kulipa kwa mwili wake, awe mbele ya mgeni au mbele ya mjumbe wa kamati. Weka sanduku la malalamiko, na ufunguo wake akae nao mtu wa nje ya kamati. Mashirika makubwa yana namba zao za kupokea malalamiko. Zidai siku ya kwanza, uzibandike kisimani, maana kina mama hufika huko kila asubuhi.

Miezi mitatu ikipita, kaa na wilaya na mashirika yaliyokuja, mfungue daftari ukurasa kwa ukurasa: tuliomba nini saa ngapi, kilifika lini, nani alikosa. Nakala moja ikae kwa mtendaji wa kata, moja kwa mtu wa Msalaba Mwekundu. Ile ya asili, kwetu, inakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, juu ya dari ya darasa la saba, pamoja na kalamu tatu za risasi, kwa sababu wino huyeyuka ukilowa.